Busunzu: Nyumba Kando ya Barabara, Mahame Mbali

Mgeni apitaye Busunzu huona nyumba zimepangana kando ya barabara, akadhani ndivyo ilivyokuwa tangu awali. Sivyo. Waha wa zamani hawakuishi kwa kusongamana. Kila kaya ilikuwa na boma lake, lililozungukwa na migomba, na jirani alikuwa ng'ambo ya mteremko.

Mpangilio huo ulivunjwa mara mbili. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwakusanya wakazi wa maeneo ya Kibondo katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o. Mashamba yaliyoachwa yakageuka pori. Mara ya pili, ambayo wazee bado wanaikumbuka, ni Operesheni Kigoma ya mwaka 1972. Watu walitolewa katika maboma yaliyotawanyika, wakapewa viwanja katika vijiji vya ujamaa ili shule, zahanati na maji viwafikie kwa urahisi. Migomba na makaburi ya mababu vilibaki nyuma.

Hapo ndipo ilipo asili ya migogoro mingi ya ardhi katika vijiji vya namna hii: mjukuu hudai hame la babu yake, ilhali mtu mwingine aligawiwa eneo hilo na amelilima kwa miaka hamsini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 15, ilithibitisha ugawaji uliofanyika kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977, na kufuta haki za waliomiliki ardhi hiyo hapo awali. Mwembe wa babu, kwa hiyo, ni kumbukumbu ya ukoo tu. Ni kanuni chungu kwa waliohamishwa. Bila hiyo, hata hivyo, viwanja vingi vingekuwa na wenyewe wawili.

Mwenye mgogoro huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wanawake wakiwa si chini ya watatu. Kazi yake ni kupatanisha. Baraza la kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, hupatanisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri huweza kufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Swali la msingi huwa ni nani aligawa eneo hilo na mwaka gani. Walioshuhudia ugawaji wanazidi kupungua, hivyo maelezo yao yaandikwe mapema, na mwenye eneo lisilo na mgogoro aombe hati ya hakimiliki ya kimila kupitia serikali ya kijiji chake.