Kabla ya Kununua Simiti: Tupige Hesabu ya Njia ya Zege Nyumbani



Mvua ndefu zikianza mwezi wa Machi, udongo wetu mwekundu, kuanzia Runyenjes na Chuka hadi Nkubu na vilima vya Nyambene, hugeuka ukawa kama sabuni. Mama akitoka bombani na mtungi mgongoni, au nyanya akienda chooni usiku, ni kuteleza tu. Ndiyo maana vikundi vya meri-go-raundi vikishamaliza kununuliana vyombo na matangi ya maji, huanza kuzungumza juu ya njia ya zege, au konkriti kama mafundi wanavyoiita, kutoka jikoni hadi chooni.

Huo ni mradi mzuri. Lakini ni mradi unaoweza kukwama vibaya, kwa sababu simiti inaisha kabla ya njia kuisha. Mita tatu zinazobaki ndizo zile za karibu na choo, mahali ambapo nyanya angeanguka. Nayo pesa ya mwezi ujao ni zamu ya mtu mwingine. Basi katika toleo hili tutafanya hesabu pamoja. Chukueni kalamu na karatasi.

Tuseme boma ni la kawaida na njia ina urefu wa mita 12. Pima kwa tepu au kamba iliyolazwa chini, ukifuata mteremko na kona zote. Usipime kwa hatua, maana hatua ya mzee si hatua ya kijana. Upana wa sentimita 90 unatosha toroli, na pia kiti cha magurudumu kama nyumbani kuna mlemavu. Unene ni sentimita 10, yaani inchi 4. Tunazidisha hivi: 12 mara 0.9 ni mita za mraba 10.8. Hizo mara 0.1 ya unene ni mita za ujazo 1.08. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kumwagika na mashimo madogo, utapata karibu 1.2.

Sasa mchanganyiko. Kwa njia ya miguu, fundi atakuambia moja kwa mbili kwa nne: simiti kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne. Wengi hudhani kwamba vipimo hivyo 7 vitatoa zege la vipimo 7. Sivyo. Mchanga huingia kati ya kokoto, simiti huingia kati ya mchanga, na vyote pamoja hupungua sana vikipata maji. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ya zege hutaka karibu mifuko 6.3 ya simiti ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.44 na kokoto 0.88. Kwa njia yetu ni mifuko saba na nusu, mchanga 0.52 na kokoto 1.05.

Najua hesabu za desimali huwachosha wengine, basi tuziweke kwa debe. Mfuko mmoja wa simiti una ujazo wa kama lita 35. Mtungi wa lita 20 uliokatwa juu ndio debe letu. Kila mfuko mmoja unataka madebe matatu na nusu ya mchanga na madebe 7 ya kokoto. Boma zima litachukua madebe 26 ya mchanga na 52 ya kokoto, na ziada kidogo. Mweka hazina anaweza kuhesabu hayo kwa kuweka alama kwenye daftari, na hakuna atakayelalamika kwamba jirani alipewa zaidi. Mfuko mmoja ukichanganywa hivyo hutoa njia ya urefu wa kama mita moja na robo tatu. Ikiwa fundi ametumia mifuko mitatu na hajafika mita 5, mwulizeni unene ni kiasi gani.

Hapo ndipo penye siri ya mradi huu. Watu wengi huogopa urefu, lakini kinachokula simiti kimyakimya ni unene. Sentimita 2 tu za ziada kwenye njia yetu ya mita 12 humeza karibu mfuko mmoja na nusu. Na hizo sentimita 2 hazionekani kwa macho. Zinatokana na kumwaga zege juu ya ardhi yenye mabonde. Kwa hiyo kazi ya jembe ndiyo itakayookoa simiti. Ondoeni udongo wa juu wenye mizizi, pangeni mawe ya chini, yaani hadikoo, unene wa sentimita 10 hivi, na kuyashindilia kwa gogo zito mpaka yasitikisike. Mawe haya kwetu si ya kununua, yamejaa kwenye kingo za mashamba. Kisha funga uzi kutoka kigingi hadi kigingi na upime kina kila baada ya hatua mbili. Palipo na shimo jaza mawe madogo na changarawe, usijaze simiti.

Mbao za kando ziwe za inchi 4 kwa 1. Pande mbili za mita 12 ni karibu futi 80, lakini kikundi hakihitaji zote. Nunueni futi 40, mmwage nusu ya njia leo na nusu nyingine kesho kutwa, kisha mbao hizohizo ziende boma linalofuata. Zipakeni mafuta machafu ya gari ili zege lisizishike.

Sasa lori. Boma moja linataka mchanga usiofika tani moja, na kokoto kama tani moja na nusu hivi. Lori la kawaida hubeba tani 7. Mtu mmoja akiagiza peke yake, ama analipia mzigo asiouhitaji, ama ananunua kwa toroli kwa bei ya kuumiza. Lakini maboma 8 yakiungana, lori moja la mchanga na mawili ya kokoto yanawatosha wote. Simiti nayo: kila mtu akinunua peke yake atachukua mifuko 8, na wote pamoja ni 64. Mkinunua kwa pamoja ni 60, kwa sababu ile nusu ya mmoja ndiyo nusu ya mwingine. Mifuko minne hiyo si kidogo. Kabla ya kukubali bei, ulizeni katika maduka ya hadiwea yasiyopungua matatu, Embu, Chuka au Meru mjini, na muulize bei pamoja na usafiri.

Lori likifika, msiangalie karatasi tu. Pimeni bodi kwa tepu: urefu mara upana mara kimo cha mchanga. Tani 7 za mchanga mkavu ni kama mita za ujazo 4.4. Mchanga wenye unyevu huvimba, wakati mwingine hata kwa robo, kwa hiyo lori likionekana limejaa huenda mchanga wenyewe ni pungufu.

Mchanga wetu mwingi hutoka kwenye mito ya sehemu kavu za chini, Mbeere na Tharaka. (Kila lori huacha shimo mtoni, na huko ndiko wenzetu huchimba maji wakati wa kiangazi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoagiza ziada.) Kabla ya kulipa, tia mchanga ndani ya chupa nyeupe hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, kisha iache saa tatu. Udongo laini utatulia juu ya mchanga. Ukizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, mrudishie mwenye lori. Zege la mchanga wenye udongo humomonyoka, hata ukiongeza simiti.

Agizeni simiti mwisho kabisa, baada ya mawe, mchanga na kokoto kuwa tayari, kwa maana ikikaa inashika unyevu na kuwa mabonge. Iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Maji ya kuchanganyia ni lita 25 hadi 28 kwa kila mfuko, na pungufu kama mchanga una maji. Vijana wanaokoroga hupenda kuongeza maji ili koleo liwe jepesi. Wakatazwe. Zege la uji hupasuka.

Mkimwaga, inamisheni njia kidogo upande mmoja, sentimita 2 zatosha, ili maji yasilale juu. Kila mita moja na nusu kateni mstari kwa mwiko hadi robo ya unene, ili zege likitaka kupasuka lipasuke hapo. Na juu msipige niru ya kung'aa, hata fundi akisema ndiyo maridadi. Pitisheni ufagio kuvuka njia wakati zege linaanza kukauka. Nyanya anahitaji kukanyaga, si kujitazama. Mteremko ukiwa mkali, jengeni ngazi za kimo cha sentimita 15, nazo zipigiwe hesabu yake peke yake.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Funikeni njia kwa magunia au majani ya migomba na kumwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Watu wanaweza kupita baada ya siku 3, ng'ombe wangoje wiki mbili. Kama kikundi kinapiga kura ya nani aanze, tunapendekeza boma lenye mzee au mgonjwa liwekwe mbele bila kura, na hayo maboma 7 mengine yapige kura yao.