Tumeachana: analipa mpaka lini?



Mwezi uliopita mama mmoja alibaki darasani wenzake walipotoka. Akanitolea karatasi. "Mwalimu, nisomee, nisije nikaelewa vibaya." Ilikuwa barua ya baba wa watoto wake. Korti iliwaachanisha na kumwamuru baba alipe kila mwezi. Sasa baba anasema basi, halipi tena. Duka lake la Lilongwe lilikufa Mei 2023, serikali ilipoturudisha Dzaleka kwa nguvu, na tena mama ameshaolewa na mwingine.

Mama akaniuliza: ana haki huyu?

Jamani, nusu anayo.

Katiba ya Malawi ya 1994, kifungu cha 24, inampa mwanamke matunzo ya haki ndoa ikivunjika. Lakini kifungu hicho hicho kinasema iangaliwe hali yote, hasa uwezo wa mume wa zamani na mahitaji ya watoto. Mtu aliyebaki na mgao tu kama sisi, hakimu anaweza kuona hana cha kumpa mke wa zamani. Dume halikamuliwi maziwa.

Na kuolewa tena? Tanzania, ambako wengi wetu tulipita, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi kwamba aliyeachika akiingia ndoa nyingine, haki yake ya matunzo imekwisha. Hapa nako mume mpya ni sehemu ya hiyo "hali yote". Ndugu zetu Waislamu wanajua la eda: mke hulishwa mpaka eda iishe, na kama ana mimba, mpaka ajifungue.

Kuna na wale "tulikaa tu", bila mahari, bila kanisa. Sheria ya ndoa ya Malawi ya 2015 inaweza kuwahesabu ni mke na mume, lakini wawe wameishi pamoja si chini ya miaka 5. Ukiwa na miaka 2, korti inaweza kusema hapakuwa na ndoa, basi na matunzo ya mke hakuna. (Vijana wangu wa darasani, mnanisikia?)

Sasa ile nusu ambayo baba hana. Kwanza, amri ya korti haifutwi kwa barua ya nyumbani. Duka likifa, unarudi kwa hakimu unamweleza, naye anapunguza au anafuta. Pili, watoto. Wao hawakuachana na mtu. Mama aolewe mara ngapi, baba bado ni baba, hata kama uwezo wake ni sabuni na madaftari.

Nilimwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yangu mimi nimemwachia. Ya watoto hapana."

Lilongwe kuna ofisi ya serikali ya msaada wa sheria kwa wasio na uwezo wa kulipa wakili. Alhamisi alipanda minibasi asubuhi, na amri ya korti ndani ya mfuko wa plastiki isilowe mvua.