Pua haitoshi kupima hewa ya duka la Kabazana

Kwa mfanyabiashara mdogo wa Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, duka na chumba cha kulala mara nyingi ni kitu kimoja. Mzigo ulioshushwa kutoka Mbarara hulala humo humo na mwenyewe: unga na sabuni upande mmoja, na upande wa pili petroli ya jerikeni, rangi, tina na gundi.

Hizo nne za mwisho hutoa kemikali zinazofuka hewani zenyewe, bila kuchemshwa. Inayoogopwa zaidi ni benzini, ambayo si petroli yenyewe bali imo ndani yake, na imo pia katika moshi wa kuni na wa sigara. Benzini husababisha saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachoweza kuitwa salama. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Pua haiwezi kupima kiasi hicho. Tena pua huzoea: mteja anayeingia husikia harufu ambayo mwenye duka ameacha kuisikia tangu asubuhi.

Vifaa vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza mwaka 2015, vimesaidia sana miji ya Uganda, lakini hupima vumbi laini. Namba zao zinaweza kuwa nzuri huku chumba kimejaa mvuke.

Mvuke hunaswa kwa bomba jembamba kama kalamu, lililojazwa punje zinazoshika kemikali. Pampu ndogo huvuta hewa kupitia humo, au bomba huachwa ukutani wiki moja au mbili linase lenyewe. Maabara hulipasha moto, kemikali zikatoka, na mashine ya kromatografia ikazitenganisha moja moja. Saa ya kuanza na ya kumaliza lazima iandikwe. Bila hiyo haijulikani ni hewa kiasi gani iliyopimwa.

Kazi nyingi huharibikia njiani. Bomba likisafiri kwa bodaboda kando ya jerikeni, litaleta majibu ya jerikeni. Kwa hiyo hutumwa na bomba la pili lisilofunguliwa kabisa, kwa njia ile ile. Likikutwa na benzini, safari ndiyo iliyochafua. Wanaovuka Kikagati na mizigo wataelewa: ni kama lakiri ya forodha.

Vipo pia vifaa vya mkononi vinavyotoa jibu papo hapo, ila hujumlisha kila mvuke, manukato yakiwemo.

Kuhamishia petroli nje ya chumba, kwenye kivuli na mbali na moto, hakuhitaji maabara. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la mkaa.