Makaa Yaliyoiva Hayana Moshi, Lakini Yana Sumu



Wapenzi wasomaji wetu, na akina mama hasa, wiki hii twaomba ruhusa tuyaweke kando masuala ya fiqhi mliyotuandikia, tuzungumze habari ya jiko, chetezo, na kifaa kidogo cheupe kilichotundikwa ukutani katika nyumba ya jamaa zetu hapa Kibokoni.

Ilikuwa msimu wa kusi, miaka saba iliyopita. Binti wa ndugu yetu alikuwa amejifungua, na kama ilivyo ada yetu alikaa ndani arubaini yake. Mvua haikunyamaza, madirisha yamefungwa, na jiko la makaa limewekwa karibu na kitanda ili mzazi apate joto na nguo za mtoto zifukizwe. Siku ya tisa tukaitwa tupande juu tumsomee, kwani kichwa kilikuwa kikimpasuka na alikuwa akitapika, wala hakuwa na homa. Tulisoma, tukamwandikia na kombe. Alipoteremshwa uani kukandwa, akapata nafuu. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tukadhani kazi imekwisha. Usiku maumivu yakarudi. Safari hii nyanya yake aliyelala naye chumbani akalalamikia kichwa vilevile, na mtoto akawa mlegevu, hataki kunyonya.

Tukapanda tena na msahafu wetu. Mlangoni tulikutana na mpwa wetu, baharia, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Alitazama jiko, akatazama madirisha, akasema: “Mjomba, watu watolewe kwanza. Kusoma mtasoma nje.”

Huko melini, alitueleza baadaye, haingii mtu katika shimo la shehena kabla hewa yake haijapimwa, kwani mabaharia wengi wamekufa kwa hewa wasiyoiona. Hewa iliyokuwa chumbani mwetu huitwa kaboni monoksidi. Huzaliwa kila kitu chenye kaboni kinapoungua bila kupata oksijeni ya kutosha: makaa, kuni, mafuta ya jenereta, hata gesi ya kupikia ikiwaka kwa ulimi wa manjano badala ya buluu. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, hata mwili ukakosa pumzi ilhali kifua chapanda na kushuka. Wajawazito na watoto wachanga ndio walio katika hatari kubwa zaidi.

Wazee wetu walitufundisha kuliwasha jiko nje na kulingojea makaa yaive, ndipo liingizwe ndani. Mafunzo hayo huuondoa moshi, sumu hayaiondoi. Makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa kwa wingi. Basi mbona wao hawakufa? Tuzitazame nyumba zao. Nyumba ya kale ya mtaani kwetu ilikuwa na ua ulio wazi juu, dari ndefu, na madirisha ya mbao yenye kupitisha upepo. Leo ua tumeuezeka mabati, chumba kimoja tumekigawa viwili, na dirisha la mbao tumelibadili kwa la alumini lisilopitisha hata mbu, kisha tukatia eyakondishani. Jiko ni lile lile.

Na tulipokuwa tukisoma, tulikuwa na Hadithi ya kututosha. Imepokewa na Abu Musa al-Ash'ari, na Bukhari na Muslim wameithibitisha, ya kwamba nyumba iliungua Madina usiku na watu wake wamo ndani, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamrisha moto uzimwe watu wanapolala. Tumeisomesha Hadithi hiyo kwa miaka, na jiko linawaka usiku ghorofa ya juu yetu.

Hospitalini, kile kidude cha kubana kidole kilionyesha kwamba oksijeni ya mzazi ni ya kawaida. Msomaji alishike hili: kidude hicho hakiwezi kuitofautisha damu iliyobeba sumu hii na iliyobeba oksijeni. Ni lazima kumwambia daktari wazi kwamba mgonjwa alilala na makaa, ili damu ipimwe na oksijeni itolewe. Waliambiwa, wakatibu, na wote watatu wakarudi salama, walhamdulillah.

Mpwa wetu aliporudi kutoka safari iliyofuata alituletea kitambuzi cha kaboni monoksidi kutoka Uingereza. Huko England tangu Oktoba 2022 sheria yamlazimu mwenye nyumba ya kupangisha kukiweka katika chumba chenye chombo cha kudumu cha kuchoma mafuta, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Tukakitundika karibu na kitanda, kwa kimo cha kichwa cha mtu aliyelala, mbali na pazia na dirisha. Tukakisahau.

Mwezi uliopita kikaanza kulia kwa mlio mfupi, kila baada ya muda. Watoto walitaka kuitoa betri wapate kulala, na tungewaruhusu. Tukatia betri mpya, kikaendelea. Ndipo tulipokigeuza na kusoma nyuma yake: tarehe ya kubadilishwa ilikuwa imepita. Kihisio kilicho ndani huchakaa hata kama hakijawahi kuinusa sumu. Vingi hudumu baina ya miaka mitano na kumi.

Kile kitufe cha kujaribia, tulichodhani hujaribu kila kitu, huhakikisha betri, saketi na sauti tu. Hakithibitishi kwamba kihisio kingali hai, ndiyo maana tarehe ni muhimu kama kitufe. Wala msikijaribu kwa kukiweka juu ya jiko au kukifukizia udi, mtakiharibu. Kipanguseni vumbi kwa kitambaa kikavu, na msikipulizie manukato wala dawa ya mbu. Wanunuzi nao wajihadhari: kitambuzi cha moshi, na kile cha gesi ya mtungi, ni vyombo vingine kabisa. Tafuteni kilichoandikwa EN 50291.

Chombo cha kanuni hiyo hakilii papo hapo. Hewa ikiwa na sehemu 50 za sumu katika milioni, hungoja baina ya dakika 60 na 90; zikiwa 300, hulia ndani ya dakika tatu. Kwa hiyo kitambuzi hakimhalalishii mtu kulala na jiko, sembuse kumlaza mtoto wa siku tisa. Kikilia, watu watoke wote, wahesabiwe nje, milango iachwe wazi, na asirudi mtu kuchukua kitu.

Wajukuu wawili wamezaliwa nyumbani humo tangu siku ile. Jiko hukaa uani, bati moja tumeling'oa, na nguo hufukizwa huko huko kisha zikapandishwa juu. Kitambuzi kipya tumekiandikia tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Mtoto yule aliyekataa kunyonya sasa yuko chuoni kwetu, amefika Suratul Mulk, na ndiye hupanda kiti kila Ijumaa kabla ya sala kukibonyeza kitufe. Hufurahi mno kwa kelele zile, nyanya yake akimgombeza.