Kiini kipya cha utabiri: jinsi Marekani ilivyoifumua modeli yake ya hali ya hewa

Wiki moja kabla ya kimbunga Sandy kutua New Jersey, tarehe 29 Oktoba 2012, modeli mbili za utabiri zilikuwa zinapingana. Ile ya kituo cha Ulaya, chenye makao yake Reading, Uingereza, ilionyesha kimbunga kikipinda kuelekea nchi kavu. Ile ya Marekani, iitwayo GFS, ilikuwa inakipeleka bahari kuu. Baada ya siku kadhaa GFS nayo ikaja na jibu lile lile, lakini siku hizo ndizo watu wanazozihitaji ili kuhama. Bunge la Marekani likatoa fedha, na kazi ya kuifumua GFS ikaanza kwa dhati.

Modeli ya namna hii huigawa angahewa yote ya dunia kuwa visanduku, tabaka juu ya tabaka. Kila kisanduku hupewa joto lake, mgandamizo wake, unyevu wake na upepo wake. Kisha kompyuta kubwa, kwa sheria za fizikia, hukokotoa hali itakayokuwapo muda mfupi ujao, halafu muda mfupi mwingine, hivyo hivyo hadi kufikia siku 16 mbele. GFS huanza hesabu upya mara nne kwa siku. Kwa saa za Afrika Mashariki, mianzo hiyo ni ya saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 3 usiku na saa 9 usiku.

Tarehe 12 Juni 2019 Wamarekani walibadilisha kiini chenyewe cha hesabu hizo. Kilichoondoka kilikuwa kimetumika karibu miaka 40, nacho kilieleza mwendo wa hewa kama mkusanyiko wa mawimbi yanayoizunguka dunia. Kilichoingia kinaitwa FV3 na kilitengenezwa katika maabara ya GFDL huko Princeton. Hiki hufuatilia hewa inayoingia na kutoka katika kila kisanduku, na kinachotoka upande huu lazima kihesabiwe kwa jirani, pasipo kupotea. Tena hakitumii mistari ya kawaida ya longitudo, kwa sababu mistari hiyo hubanana kwenye ncha za dunia na kuvifanya visanduku vya huko kuwa vyembamba mno. Badala yake, dunia huchorwa kama mchemraba wenye pande sita uliovimbishwa hadi ukawa mviringo, na visanduku vikakaribiana kwa ukubwa kila mahali.

Mawingu nayo yalipata hesabu mpya. Modeli sasa hutenganisha matone ya wingu, chembe za barafu, mvua, theluji na punje za barafu laini, kwa kuwa kila kimoja huanguka kwa kasi yake na hupitisha joto kwa namna yake.

Pamoja na hayo yote, upana wa visanduku haukuguswa. Ulikuwa takriban kilomita 13, ukabaki kilomita 13. Ni muhimu kulielewa hili, maana mara nyingi tunaambiwa ubora wa modeli ni udogo wa visanduku tu. Tabaka ziliongezwa baadaye, Machi 2021, kutoka 64 hadi 127, na paa la modeli likapanda hadi karibu kilomita 80 juu ya ardhi.

Kinachostahili heshima zaidi katika kazi hii ni subira. GFS mpya iliendeshwa sambamba na ya zamani kwa zaidi ya mwaka mmoja, ikapewa pia misimu iliyokwisha pita ili ionekane ingeitabiri vipi. Ilipangwa kuanza kazi mapema 2019. Majaribio yakaonyesha kwamba inarundika theluji kupita kiasi na kuifanya hewa ya karibu na ardhi kuwa baridi kuliko vipimo. Uzinduzi ukasogezwa mbele hadi kasoro hizo zirekebishwe. Utabiri ni suala la uhai wa watu, na haufai kuharakishwa kwa sababu tarehe imeshatangazwa. Hata hivyo modeli ya Ulaya iliendelea kuongoza kwa wastani.

Haya yanatuhusu moja kwa moja. Data za GFS hutolewa bure kwa dunia nzima. Programu nyingi za simu huzichukua zilivyo, na modeli za kanda zinazotumiwa na wataalamu wa Afrika Mashariki huanzia kwenye modeli za dunia. Lakini katika kisanduku cha kilomita 13, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895 husawazishwa na miteremko yake, na mlima unakuwa mfupi kuliko ulivyo. Wingu la radi la alasiri, ambalo mara nyingi lina upana wa kilomita chache tu, halionekani kabisa, modeli hulikadiria. Ndiyo maana simu inaweza kukuambia mvua saa 10 jioni, ikanyesha mtaa wa pili na kwako kukawa kukavu. Mtabiri anayeijua nchi yake ana cha kuongeza hapo. Taarifa ya mamlaka ya hali ya hewa isomwe kabla ya alama ya wingu kwenye simu.

Na modeli yoyote huanza na vipimo. Setilaiti huleta vingi, lakini puto la hali ya hewa bado lina kazi yake: hubeba kifaa kidogo hadi karibu kilomita 30 juu, kikituma joto, unyevu na mgandamizo njia nzima, hadi puto lipasuke. Oktoba 2021 nchi wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilikubaliana kwamba vituo vya maputo visiachane zaidi ya kilomita 500, na virushe mara mbili kwa siku. Sehemu kubwa ya Afrika haijafikia hapo. Serikali zetu ziweke gharama za maputo hayo katika bajeti ya kila mwaka, bila kusubiri wafadhili.