Gari la Mzee na Maandishi Madogo ya Bima

Akina mama, hati ya bima ya gari lenu mmeisoma? Sisi hatukuisoma.

Marehemu baba mkwe alituachia Peugeot 404. Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, alishinda Safari ya Afrika Mashariki kwa gari la aina hiyo mwaka 1966 na 1967, na mzee hakuchoka kutusimulia. Tulilikatia bima kubwa, tukalitoa Jumapili tu.

Kisha jirani hapa Nyakato akaomba limpeleke bibi harusi kanisani. Alitupa shilingi elfu hamsini, tukapokea. Wakati wa kurudi liliteleza kwenye tope, likagonga mti. Tunashukuru hakuna aliyeumia.

Kampuni ilikataa kulipa. Hati ilisema gari ni la matumizi binafsi. Ukibeba abiria kwa malipo, fidia hakuna, hata kama abiria ni mmoja aliyevaa shela! Nasi wauguzi tunasoma vibandiko vya dawa kila siku.

Usiku ule tulipitia kurasa zote na baba watoto. Mashindano ya mbio hayalipiwi. Dereva asiye na leseni, kadhalika. Uchakavu na kutu pia, na gari la zamani lina nini zaidi ya kutu? Likiibiwa, utalipwa bei ya soko ya siku hiyo, si thamani aliyoiona mzee, isipokuwa mmekubaliana thamani nyingine kwa maandishi tangu mwanzo. Bima ndogo, ile ya lazima, humlipa uliyemgonga. Gari lako halimo.

Fedha za kunyoosha bodi zilitoka kwenye ada za watoto. Taa ya mbele bado tunaitafuta.