Arosto Ikiisha, Kazi Ndiyo Inaanza

Mtaani utasikia, "Jamaa kapona, arosto imeisha." Tusishangilie haraka. Arosto ya heroini, yaani yale maumivu ya mwili, kutapika, kuhara na kukosa usingizi mtu akiacha unga, kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja hivi. Uraibu unabaki. Tena mwili unakuwa umepoteza uwezo wa kuhimili kipimo cha zamani. Akirudia kilekile, anaweza kuacha kupumua akafa.

Kwa hiyo huduma nzuri inaonekana baada ya ile wiki. Chukua mfano wa methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Mraibu anakunywa dozi mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu. Dozi ikipangwa vizuri inazuia arosto kama saa 24 bila kumlewesha, naye anapata nafasi ya kufanya kazi na kurudi kwa familia. Ikiwa ndogo mno, au ikikatwa kama adhabu, anarudi kijiweni.

Kabla hujampeleka ndugu au rafiki kwenye nyumba ya upataji nafuu, uliza: Anapimwa VVU, kifua kikuu na homa ya ini? Mshauri nasaha yupo? Kuna kupigwa au kufungwa minyororo? Akiteleza, anafukuzwa au anapokelewa tena? Akitoka, nani anamfuatilia?

Wakianza kukwepa maswali hayo, tafuta kwingine. Ni uhai wa mtu huo.